Mji una kampuni moja tu ya kebo: kosa ni la mkataba wa mji au la washawishi walioko bunge la jimbo?

mwanamtaa_kaskazini (swali)

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua sheria za televisheni ya kebo za Marekani kwa undani. Chukulia mji wa watu 30,000 hivi. Kampuni ya kebo ni moja, na mkataba wake na mji umebakiza miaka mitatu na ushee. Wananchi wakiuliza kwa nini hakuna kampuni ya pili, kampuni iliyopo inajibu kwamba haina haki ya peke yake, anayetaka aje. Madiwani wanajibu kwamba jimbo limewafunga mikono. Wanaharakati wanasema haya yote ni kazi ya washawishi wa kulipwa, zibadilishwe kwanza sheria za ushawishi na mengine yatafuata.

Nani mkweli hapo? Na mtu mwenye jioni mbili tatu kwa wiki aanzie wapi, kwenye mkataba wa mji au bunge la jimbo? Jibu la "mpigieni simu mbunge wenu" halitanisaidia. Nataka vifungu, tarehe, na mahali miji inapojikwaa.

hifadhi_ya_barabara

Wote watatu wana ukweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Tuanze na kampuni. Zamani miji mingi ilitoa haki ya peke yake kwa makusudi, kwa sababu kuvuta waya mji mzima ni ghali na kampuni ilitaka uhakika wa wateja kabla ya kuweka fedha. Sheria ya Kebo ya 1984 ikaweka utaratibu wa nchi nzima: mji hutoa leseni ya kutumia hifadhi ya barabara, hutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya kebo, na unaweza kudai chaneli za umma, elimu na serikali. Kisha ikaja sheria ya 1992, iliyopitishwa na Kongresi juu ya kura ya turufu ya Rais George H. W. Bush; katika turufu zake zote ni hiyo moja tu iliyopinduliwa. Sheria hiyo inaukataza mji kutoa haki ya peke yake, na inaukataza kumnyima mwombaji wa pili bila sababu ya msingi. Mwaka 2006 FCC, tume ya mawasiliano ya shirikisho, ikaongeza muda wa kujibu: siku 90 kwa mwombaji ambaye tayari ana ruhusa ya kutumia hifadhi ya barabara, siku 180 kwa wengine.

Kwa hiyo ukiritimba uliopo leo haumo kwenye karatasi ya mkataba. Umo kwenye hesabu. Kampuni ya pili lazima ipitishe waya mbele ya nyumba zote huku ikitarajia sehemu tu ya wateja, wakati ya kwanza ilishalipia waya wake miaka mingi iliyopita na inaweza kushusha bei mtaa mmoja mmoja kadiri mshindani anavyosogea.

Pili, wananchi wasiahidiwe kwamba mkataba mpya utashusha bili. Udhibiti wa bei za vifurushi vya juu ulikoma 31 Machi 1999 kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya 1996. Kifurushi cha msingi nacho kiliponyoka mwaka 2015, pale FCC ilipogeuza mzigo wa ushahidi: kampuni ya kebo inahesabiwa kuwa na ushindani mpaka mji uthibitishe kwamba haina, kwa hoja kwamba dishi za DirecTV na Dish zinafika karibu kila mahali. Intaneti ndiyo usiseme. FCC iliitoa nje ya "huduma ya kebo" mwaka 2002 na Mahakama ya Juu ikaridhia mwaka 2005 katika kesi ya Brand X, hivyo ada ya asilimia 5 haigusi mapato ya intaneti. Mteja akiacha TV akabaki na intaneti, mji unapoteza ada yake ilhali waya ni uleule na nguzo ni zilezile.

Kinachobaki mkononi mwa mji ni mlango wa kuhuisha mkataba, na mlango huo una saa. Kifungu cha 626 cha Sheria ya Kebo kinafungua dirisha kuanzia mwezi wa 36 hadi wa 30 kabla ya mkataba kuisha. Ndani ya dirisha hilo upande wowote unaweza kuanzisha utaratibu rasmi, na kampuni nyingi hutuma barua mapema ili kulinda haki zake. Barua ikishafika, mji una miezi 6 kuanza kupima mahitaji ya jamii na kupitia utendaji wa kampuni. Baadaye kampuni huleta pendekezo, na mji una miezi 4 ya kukubali au kutoa tathmini ya awali ya kukataa. Kukataa kunaruhusiwa kwa misingi minne tu: kampuni ilikiuka masharti muhimu, ubora wa huduma ulikuwa duni, haina uwezo wa kifedha, kisheria au kiufundi, au pendekezo halikidhi mahitaji ya jamii ukilinganisha na gharama yake.

Hapa ndipo miji mingi huanguka. Sheria inasema ukiukaji hauwezi kutumika kukataa mkataba kama mji haukuipa kampuni taarifa na nafasi ya kurekebisha, au kama kuna maandishi kwamba uliacha haki yake ya kupinga, au kampuni iliandika kwamba haiwezi kurekebisha na mji ukanyamaza. Miaka kumi ya malalamiko ya mdomo haina uzito wowote. Kinachotakiwa ni daftari: tarehe, anwani, aina ya tatizo, barua iliyotumwa, siku zilizotolewa za kurekebisha, na jibu. Viwango vya shirikisho vya huduma kwa wateja tayari vipo: simu ijibiwe ndani ya sekunde 30, mteja asikute laini inatumika zaidi ya asilimia 3 ya muda, uunganishaji wa kawaida ufanyike ndani ya siku 7 za kazi, na kazi ya kurudisha huduma iliyokatika ianze ndani ya saa 24. Hupimwa kila robo mwaka. Lakini mji lazima kwanza uipe kampuni notisi ya maandishi ya siku 90 kwamba unakusudia kuvisimamia. Notisi hiyo ni barua ya ukurasa mmoja, na ipo miji ambayo haijawahi kuiandika.

Jambo moja zaidi kabla ya yote hayo. Hakikisheni mji bado ndio unaotoa leseni. Texas ilihamishia kazi hiyo kwenye jimbo mwaka 2005, California mwaka 2006, na majimbo mengine mengi yakafuata. Ukiwa California, leseni inatolewa na tume ya huduma za umma ya jimbo, na sehemu kubwa ya niliyoeleza kuhusu kuhuisha haitakufaa.

futi_arobaini

Naongeza kipande cha nguzo, maana mazungumzo ya ukiritimba huruka moja kwa moja hadi bungeni na kuacha mahali ambapo mshindani anakwama kimwili.

Nguzo ya kawaida ya futi 40 huzikwa futi 6. Umeme unakaa juu, mawasiliano chini, na kati yao lazima kuwe na nafasi ya inchi 40 kwa usalama wa mafundi. Nyaya za mawasiliano zenyewe huachana kwa inchi 12. Ukiondoa kimo cha chini kinachotakiwa juu ya barabara, sehemu ya mawasiliano ni nyembamba sana. Mshindani akija, mara nyingi lazima waya wa kampuni iliyopo usogezwe ndipo apate inchi zake. Kwa utaratibu wa zamani kila mwenye waya alituma fundi wake kwa zamu, na aliyekuwa na masilahi ya kuchelewesha alichelewesha.

Mwaka 2018 FCC iliruhusu mwombaji, kwa kazi nyepesi ya sehemu ya mawasiliano, kumleta fundi mmoja aliyeidhinishwa asogeze nyaya zote kwa mkupuo. Mwenye nguzo ana siku 15 kuamua ombi likishakamilika, na wenye nyaya hupewa notisi ya siku 15. Kabla ya hapo miji ilijaribu yenyewe. Louisville ilipitisha amri yake mwaka 2016 ikashtakiwa, na mahakama ikaiunga mkono mwaka uliofuata. Nashville ilipitisha yake mwaka huohuo wa 2016, na mahakama ikaitupa mwaka 2017. Amri za aina moja, matokeo tofauti, na sababu kubwa ni kwamba Kentucky husimamia nguzo zake yenyewe, Tennessee iko chini ya FCC.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza karani wa mji ni: nguzo ni za nani? Kifungu cha 224 cha sheria ya mawasiliano ya shirikisho kinazihusu nguzo za kampuni binafsi za umeme na simu. Nguzo za mji au za ushirika haziguswi na kifungu hicho. Mji wenye shirika lake la umeme unaweza kuweka masharti mazuri ya nguzo kesho asubuhi bila kumuuliza mtu Washington. Kama nguzo si za mji, bado mji unaweza kuzika mabomba matupu kila barabara inapochimbwa. Kinachokula fedha ni kuchimba na kufukia, bomba lenyewe ni bei ndogo. Ila kina kisifanyiwe ubahili. Louisville hiyohiyo, Google Fiber ilichimba mifereji ya inchi chache tu kwenye lami, nyaya zikaanza kuchomoza, na mwaka 2019 kampuni ikaondoka mjini.

msoma_fomu

Sasa nije kwenye ushawishi. Wanaharakati wako sahihi kuhusu chanzo, lakini wengi wanaelekeza nguvu Washington wakati sheria zinazowafunga madiwani zimeandikwa kwenye miji mikuu ya majimbo.

Mlolongo ni huu. Sheria ya 1996 ilisema hakuna jimbo litakaloizuia "taasisi yoyote" kutoa huduma ya mawasiliano. Miji ikadhani nayo ni taasisi. Mwaka 2004, katika kesi ya Nixon dhidi ya Missouri Municipal League, Mahakama ya Juu ikasema hapana: mji ni kiungo cha jimbo, na jimbo linaweza kukizuia kiungo chake. Kuanzia hapo mlango wa mabunge ya majimbo ukawa wazi. Colorado ilipitisha sheria yake ya SB 152 mwaka 2005, ikaja kufutwa mwaka 2023. North Carolina ilipitisha H129 mwaka 2011, baada ya mji wa Wilson kujenga mtandao wake wa faiba, Greenlight, mwaka 2008. Gavana Bev Perdue aliiacha iwe sheria bila kuitia saini. Tennessee iliruhusu mashirika ya umeme ya miji kutoa huduma, lakini ndani ya eneo lao la umeme tu, ndiyo maana EPB ya Chattanooga, iliyotoa kasi ya gigabiti kwa eneo lake lote tangu 2010, haiwezi kuvuka mpaka hata jirani akiomba. FCC ilijaribu kuzifuta sheria za Tennessee na North Carolina mwaka 2015, na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 6 ikaikatalia Agosti 2016.

Ukizisoma sheria hizi utaona ni chache zinazosema "marufuku". Nyingi zinaweka vizingiti: kura ya maoni kwanza, au mji uiombe kampuni iliyopo ijenge kwanza na kusubiri jibu, au mji ujitoze kwenye vitabu kodi ambayo haulipi, au usitoke nje ya mipaka yake. Kila kizingiti kikisimama peke yake kinasikika cha busara. Vikiwekwa pamoja, mwekezaji wa hatifungani anakimbia. Na maneno yanafanana jimbo hadi jimbo kwa sababu rasimu ya mfano ilisambazwa na ALEC, chombo kinachowakutanisha wabunge wa majimbo na makampuni.

Mtu atauliza: kama kampuni zinashawishi ili kumzuia mshindani, si kosa chini ya sheria za ushindani? Si kosa. Kesi ya Noerr ya 1961 na ya Pennington ya 1965 ziliweka kinga: kuiomba serikali ipitishe sheria, hata sheria ya kuua ushindani, ni haki ya kikatiba. Njia ya mahakama ya ushindani imezibwa hapo. Ndiyo maana mageuzi ya ushawishi hayakwepeki. Kama kitendo chenyewe hakiwezi kukatazwa, basi angalau kifanyike mchana kweupe.

Na leo hakifanyiki mchana. Angalia sheria ya shirikisho ya ushawishi ya 1995, iliyorekebishwa 2007. Mshawishi hulazimika kujisajili endapo amefanya mawasiliano zaidi ya moja na kazi ya ushawishi imechukua asilimia 20 au zaidi ya muda aliomtumikia mteja huyo ndani ya miezi mitatu. Mzee mwenye majina makubwa kwenye simu yake, anayetoa "ushauri wa mkakati" kwa asilimia 19, hasajiliwi. Fomu ya LD-2, yaani ripoti ya ushawishi, huwasilishwa kila robo mwaka, tarehe 20 ya Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Fedha hukadiriwa kwa dola 10,000 iliyo karibu. Na huandikwa "Baraza la Wawakilishi" au "Seneti" bila kutaja mbunge aliyekutwa. Kampeni za kuwachochea wananchi wapige simu hazimo kabisa. Kipengele cha kuzijumuisha kilikuwamo kwenye muswada wa 2007, Seneti ikakiondoa.

Madhara ya mwanya huo wa mwisho tumeyaona. Mwaka 2021 Mwanasheria Mkuu wa New York alitoa ripoti kuhusu maoni yaliyopelekwa FCC mwaka 2017 juu ya usawa wa intaneti, yaani kanuni kwamba kampuni ya intaneti isibague tovuti. Kati ya maoni zaidi ya milioni 22, karibu milioni 18 yalikuwa ya uongo, na milioni 8.5 kati ya hayo yalitokana na kampeni iliyogharamiwa na kampuni za intaneti, yakitumia majina ya watu halisi ambao hawakuridhia. Huo ni wizi wa sauti za raia, na unastahili hasira.

Kuhama kutoka ofisi ya umma kwenda upande wa pili ni tatizo la kweli pia. Kamishna wa FCC Meredith Attwell Baker alipiga kura ya kuidhinisha Comcast kuichukua NBCUniversal Januari 2011, na Mei mwaka huohuo ikatangazwa kwamba anahamia kampuni hiyohiyo. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hapo ndipo penye tatizo. Lakini tusiligeuze kuwa kanuni ya kumhukumu kila mtu: Tom Wheeler aliwahi kuongoza chama cha kampuni za kebo, na ndiye mwenyekiti aliyeongoza FCC mwaka 2015 ilipojaribu kuzifungulia Wilson na Chattanooga.

hesabu_kwanza

Nakubaliana na mengi, ila naomba tusiuze mtandao wa mji kama dawa isiyo na madhara. Provo, Utah, ilikopa dola milioni 39 kwa hatifungani ikajenga iProvo, na mwaka 2013 ikauuza kwa Google kwa dola 1 huku wakazi wakibaki na deni. Sheria ya jimbo ya 2001 ilichangia, kwa sababu mji haukuweza kuuza huduma moja kwa moja kwa mteja kwa masharti ya kawaida na ukalazimika kupitia kampuni za kati. Lakini tuseme ukweli wote: mji unaojenga bila kujua ni nyumba ngapi kati ya mia zitajiunga unacheza na kodi za watu.

Longmont, Colorado, ni mfano wa kusoma taratibu. Mwaka 2009 kampuni zilimwaga fedha kwenye kampeni na kura ikakataa. Mwaka 2011 zikamwaga zaidi, na kura ikakubali. Kisha mwaka 2013 wakarudi kwa wananchi mara nyingine kuomba ruhusa ya hatifungani za dola milioni 45.3. Ruhusa ya kutoa huduma na ruhusa ya kukopa ni maswali mawili, na mji ukiyachanganya kwenye karatasi moja ya kura unampa mpinzani sentensi rahisi ya tangazo.

mwanamtaa_kaskazini

Nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Muswada wa jimbo wa kurekebisha ushawishi uandikwe vipi ili mahakama isiuvunje? Na kikundi kisicho cha faida chenye msamaha wa kodi kinaweza kuusukuma muswada huo bila kuupoteza msamaha?

msoma_fomu

Kwenye la kwanza, egemea uwazi kabla ya makatazo. Mahakama ya Juu iliruhusu kulazimisha washawishi wajitangaze tangu kesi ya Harriss, 1954. Makatazo yana historia ya kuyumba. Connecticut ilipowakataza washawishi kuchangia wagombea, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 2 ililivunja katazo hilo mwaka 2010. North Carolina ilipofanya hivyo, Mzunguko wa 4 uliliacha lisimame mwaka 2011. Missouri iliweka miaka 2 ya kusubiri kwa wabunge wa zamani na watumishi wao kabla ya kuwa washawishi, na Mzunguko wa 8 ukaivunja mwaka 2024. Ukiweka katazo, liandike kwenye kifungu kinachoweza kuchomolewa bila kuua vingine.

Vipengele ningevipigania kwa mpangilio huu. Kwanza, kila mteja wa ushawishi ataje namba ya muswada na msimamo wake. Colorado tayari inamtaka mshawishi aseme kama anaunga mkono, anapinga au anafuatilia tu. Wisconsin inamtaka mwajiri wa mshawishi ataje muswada ndani ya siku 15 tangu mawasiliano ya kwanza. Ripoti ya robo mwaka ni kumbukumbu ya msiba uliokwishapita.

Pili, marekebisho ya muswada yahesabiwe kama muswada. Mfano wa Ohio Juni 2021 unatosha: kifungu cha kubana mitandao ya miji kiliingizwa na Seneti kwenye bajeti ya jimbo bila kikao chake cha kusikiliza wananchi. Kiliondolewa kwenye bajeti ya mwisho kwa sababu wakazi na miji, Fairlawn ikiwa mstari wa mbele, waligundua mapema wakajitokeza. Wangechelewa wiki mbili kingekuwa sheria.

Tatu, fedha za matangazo na kampeni za kuwachochea wananchi kuhusu muswada fulani zitangazwe pamoja na aliyezitoa. Hapa kuwa makini na lugha. Mwaka 2021, katika kesi ya Bonta, Mahakama ya Juu iliivunja amri ya California ya kukusanya majina ya wafadhili wa mashirika yote kwa jumla. Kwa hiyo usiombe orodha ya wafadhili wa chama. Omba majina ya waliogharamia kampeni hiyo, kuhusu muswada huo, juu ya kiasi kilichotajwa.

La pili: ndiyo, kinaweza. Shirika la 501(c)(3) lijaze Fomu 5768 ya mamlaka ya kodi, ukurasa mmoja, na litahesabiwa kwa fedha badala ya kile kipimo kisichoshikika cha "sehemu kubwa ya shughuli". Kiwango ni asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya malengo yake. Kikundi chenye matumizi ya dola 100,000 kinaruhusiwa dola 20,000 za ushawishi kwa mwaka, na kati ya hizo zisizidi 5,000 ziende kuwaomba wananchi wawasukume wabunge. Mtego ambao wengi hawaujui unafanya kazi kwa faida yenu: kwenye kura ya maoni, mpiga kura ndiye anayehesabiwa kuwa mtunga sheria, hivyo barua ya kumwomba apige "ndiyo" ni ushawishi wa moja kwa moja na inaingia kwenye zile 20,000, si zile 5,000. Kinachokatazwa kabisa ni kumpigia debe mgombea.

hifadhi_ya_barabara

Na kuhusu uanzie wapi. Bunge la jimbo litakusubiri mwaka ujao, dirisha la miezi 36 halitakusubiri. Kabla ya jambo jingine, omba kwa karani nakala tatu: mkataba wenyewe na marekebisho yake yote, barua yoyote iliyopokelewa inayotaja kifungu cha 626, na malalamiko ya miaka mitatu yakiwa na barua zilizotumwa kwa kampuni.

Kama pande zote mbili zikiliacha dirisha lipite kimya, hubaki njia isiyo rasmi: kampuni inaweza kuleta pendekezo wakati wowote, mji unatangaza na kuwasikiliza wananchi, kisha unakubali au unakataa. Mji wenye mwanasheria mzuri unaweza kuipenda njia hii kwa sababu haina ule mlolongo wa vigezo vinne. Ila isitokee kwa kusahau.

Mezani mtaombwa mkubali huduma za bure, tuseme laini za shule na maktaba. Kwa amri ya FCC ya 2019 vitu vya aina hiyo vinaweza kukatwa kutoka kwenye asilimia 5 yenu, na Mzunguko wa 6 mwaka 2021 ulisema vikatwe kwa gharama halisi ya ziada ya kampuni, si kwa bei ya soko. Takwimu hiyo idaiwe kwa maandishi, laini kwa laini, kabla ya kura ya madiwani. Ikija baada ya saini, itakuja na bei ya soko.